Kinubi Kinavuma, Skeli Ina Nundu: Kutafuta Chanzo cha Makosa

Anayeanza kujifunza kinubi hufurahi uzi ukilia tu. Mwaka wa pili au wa tatu furaha hiyo hupungua, kwa sababu sikio limekua kuliko mkono. Unasikia mvumo, unasikia noti iliyofifia, unasikia skeli, yaani noti zinazofuatana kwa ngazi, ikipanda kama mtu aliyevaa kiatu kimoja, na hujui uanzie wapi kurekebisha. Wengi hapo hurudia kipande kizima tangu mwanzo, mara kumi, wakitumaini kosa litachoka lenyewe. Halichoki. Linakomaa.

Nimekaa na kinubi begani miaka mingi, na nimeshakubali jambo moja: kosa husikika mahali pamoja na kuzaliwa mahali pengine, na mara nyingi limezaliwa noti moja nyuma. Noti inayosikika mbovu haina hatia. Kidole chake kilifika kimechelewa, au mguu ulikuwa bado safarini, au bega lilikuwa limekwisha kupanda kabla zamu ya akodi haijafika. Kwa hiyo kwa kila dalili hapa chini swali ni lile lile: mkono ulikuwa unafanya nini kabla ya hapo?

Ninazungumzia kinubi cha leva, yaani vishikio vidogo vya juu vinavyopandisha uzi nusu toni, na kile kikubwa cha pedali za miguu pia, maana mkono ni mmoja. Vidole nitavitaja kwa namba: 1 ni gumba, 2 ni cha shahada, 3 ni cha kati, 4 ni cha pete. Kidole kidogo hakipigi. Ni kifupi mno, ukikilazimisha kinapinda mkono wote. Akodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Vifaa ni viwili tu, simu ya kurekodia na penseli. Rekodi sekunde thelathini, usirekodi kipande kizima. Ukirekodi kizima utasikiliza muziki, na kosa litakupita.

Uzi unavuma kama nyuki

Kwanza jua mvumo ni wa nani. Piga uzi huo peke yake, ondoa mikono yote miwili, uache ulie mpaka unyamaze. Ukivuma wenyewe, tatizo liko kwenye chombo. Ukilia safi, tatizo ni wewe. Jaribio hili huchukua sekunde tano na limewaokoa watu wengi wasinunue nyuzi mpya bure.

Tuseme ni wewe. Uzi unaotikisika ukiguswa kidogo tu hupiga kelele, na kugusa kidogo ndiko anakofanya mpigaji mwangalifu. Amefundishwa kuweka vidole mapema, basi anakipeleka kidole taratibu, kwa woga, kwenye uzi ambao bado unalia. Kidole kinausogelea, uzi unakigongagonga, *zzzz*. Dawa si kuweka kwa upole zaidi. Dawa ni kuweka kwa uhakika: nyama ya ncha ya kidole ifike kwenye uzi mara moja na kuushika kabisa, ili uzime pale pale. Kidole kiende kama mtu anayeketi kitini, kisiwe kama mtu anayepapasa gizani.

Lakini kuna pahali ambapo hata uwekaji wa uhakika hauokoi. Chukua arpejio, yaani akodi inayopigwa noti moja moja, inayopanda C, E, G, C ya juu, kisha inashuka kwa nyuzi zile zile. Ukipiga ile C ya juu halafu ukarudisha vidole vingine vitatu kwa pamoja, utakuwa umezizima noti tatu ambazo mtunzi alitaka ziendelee kulia, na utasikia mvumo mara tatu kwa zamu. Hapa kanuni ya kuweka vidole vyote mapema inavunjwa. Weka kidole kimoja tu mbele, kile kinachofuata, karibu kabisa na wakati wake. Kanuni ya kuweka kundi zima ni ya nyuzi zilizonyamaza. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu wanafunzi watiifu ndio wanaovuma zaidi hapa.

Chanzo kingine ni kidole kilichokwisha kazi yake na hakikuondoka. Kidole cha 3 kimepiga, lakini badala ya kukunjwa kiganjani kimebaki kikining'inia katikati ya nyuzi, na uzi wa jirani unakigusa. Angalia video ya mkono wako kutoka upande, utakiona kimesimama pale. Na kucha, bila shaka. Kucha iliyozidi nyama ya kidole hata kidogo hutoa mkwaruzo ule unaosikika kabla ya noti.

Sasa tuseme ni chombo. Kwenye kinubi cha leva, tazama kama leva imepanda hadi mwisho. Leva iliyoishia robo tatu ya njia huubana uzi nusu nusu. Kwenye cha pedali, tazama kama pedali imeingia kwenye kijino chake barabara. Kama imeingia na uzi bado unavuma katika hatua moja tu kati ya tatu, basi ni diski, yaani kisahani chenye pini kinachoubana uzi pedali ikishuka, na diski ni kazi ya fundi, usiikaze mwenyewe. Kisha ingiza mkono kwenye matundu ya nyuma ya sanduku la sauti: mkia wa uzi uliobaki baada ya fundo ukiwa mrefu hugonga mbao ndani. Upunguze. Uzi wa zamani uliolika nao hupoteza mlio wake, hata ukiutuni vipi haukai sawa na wenzake.

Halafu kuna vitu vya chumbani. Wiki mbili nzima niliwinda mvumo wa A moja ya katikati. Nilibadili uzi, nikabadili kidole, nikamsumbua fundi. Mvumo ulitoka kwenye ufunguo wa kutunia, niliouacha juu ya stendi ya chuma ya noti. Kila A hiyo ilipolia, ufunguo nao ulicheza. Tangu siku hiyo, nikisikia mvumo, mtu mmoja hupiga uzi na mwingine hupita chumbani akigusa vitu kimoja kimoja.

Sauti ni nyembamba, haifiki mwisho wa chumba

Ukubwa wa sauti ya uzi hutegemea umeuvuta mbali kiasi gani kabla ya kuuachia. Kasi ya kidole kinachotoka angani na kuupiga haina msaada mkubwa. Kinachoongezeka ni kelele ya mguso. Kwa hiyo mpigaji anayetaka sauti kubwa na anaunyakua uzi kwa hasira anajinyima kile anachokitafuta. Kidole kikae kwenye uzi kwanza, kiusukume mpaka uhisi unakataa, ndipo kiachie na kukunjwa moja kwa moja hadi kiganjani. Kukunja huko si pambo. Kunathibitisha kwamba nguvu imetoka kwenye kifundo kikubwa kule kidole kinakoanzia, wala si kwenye ncha.

Kama sauti ni nyembamba kwenye noti za gumba tu, tazama umbo lake. Gumba linalopinda kwa ndani kwenye kifundo cha ncha halina nguvu. Liwe limeinuka juu ya vidole vingine, na likishapiga lishuke kwenye ubavu wa kidole cha 2 kama kifuniko. Kama ni kidole cha 4 tu kinachofifia, mara nyingi mkono umeinamia upande wa gumba na cha 4 kinaufikia uzi kwa ncha kabisa, kimenyooka, hakina pa kukunjia. Sogeza mkono mzima kidogo kuelekea nyuzi za chini mpaka cha 4 kiwe na upinde. Usikifanyie mazoezi ya nguvu kabla ya kulirekebisha hilo.

Na kama ni nyembamba kila mahali, huenda mkono umeshuka mno kuelekea ubao wa sauti. Karibu na ubao uzi hutoa sauti kavu, kama gitaa. Ni sauti nzuri pale mtunzi alipoiomba. Usipoombwa, panda karibu na katikati ya uzi.

Skeli ina nundu kila baada ya noti nne

Hii ndiyo dalili inayowatesa wengi, na ndiyo inayoonyesha wazi kuliko zote kwamba kosa liko nyuma ya mahali linaposikika.

Kumbuka jinsi skeli inavyopandishwa. Kwenye kinubi nyuzi nyembamba ziko karibu na mwili wako, kwa hiyo gumba la kila mkono ndilo linaloshika noti ya juu zaidi. Mikono yote miwili hutumia mpangilio mmoja wa vidole, tofauti kabisa na piano. Kupanda ni 4, 3, 2, 1, kisha cha 4 kinapita chini ya gumba na kuanza upya. Kushuka ni 1, 2, 3, 4, kisha gumba linapita juu ya cha 4. Noti nane za oktava moja ni makundi mawili tu ya vidole vinne.

Nundu husikika kwenye noti ya tano. Mpigaji huilaumu noti ya tano, huifanyia mazoezi noti ya tano, huilainisha noti ya tano. Sasa rekodi na usikilize noti ya nne: ilipopigwa, je, cha 4 kilikuwa kimekwisha kukaa kwenye uzi wa tano? Karibu kila mara jibu ni hapana. Gumba limepiga, mkono umebaki bila nanga, umeruka hewani ukitafuta uzi, umetua kwa uzito. Uzito huo ndio nundu.

Utaratibu ni huu. Gumba likiwa bado limeshika uzi wake, na kabla halijapiga, cha 4 kipite chini yake na kiketi kwenye uzi unaofuata, cha 3 na cha 2 vikifuatana nacho. Hapo tu ndipo gumba linapiga. Kwenye kushuka ni vivyo hivyo: cha 4 hakiachii uzi wake mpaka gumba limekwisha kupita juu na kuketi chini yake. Wakati wowote mkono una angalau kidole kimoja kwenye uzi. Mkono usiokuwa na kidole kwenye uzi umepotea, hata kama kwa bahati utafika.

Fanyia mazoezi hivi: piga 4, 3, 2, halafu simama. Gumba liko kwenye uzi, halijapiga. Peleka cha 4 chini yake. Simama tena, tazama mkono, pumua. Piga gumba. Simama. Ni zoezi la kuchosha kwa macho ya mtu anayekupita, lakini linatenganisha vitu viwili ambavyo mkono wako umeviunganisha kimakosa, kupiga na kuhama. Baada ya siku chache kisimamo hupungua chenyewe.

Kama umefanya hayo yote na nundu ipo bado, tazama vitu viwili. Kwanza, kifundo cha mkono: kikizunguka ili kumpisha kidole cha 4, noti zote zinazofuata zitapigwa kwa pembe nyingine na rangi ya sauti itabadilika. Nafasi ya cha 4 kupita hutoka kwa gumba kuinuka juu, haitoki kwa kifundo kujinyonga. Gumba lililolala limefunga mlango. Pili, kiwiko: kama kinasogea kwa mkupuo kila baada ya noti nne, mkono unavutwa badala ya kutembea. Kiwiko kiteleze polepole katika skeli nzima, kama mtu anayefuata kamba ukutani.

Mdundo wa kubadilisha nao husaidia, yaani noti ndefu kisha fupi, halafu fupi kisha ndefu. Ila ufanye baada ya kurekebisha kuhama. Ukiufanya kabla, utakuwa na nundu yenye mdundo mzuri.

Akodi inatawanyika bila kuombwa

Mstari wima wa mawimbi kando ya akodi unakuambia uzimwage noti moja moja toka chini kwenda juu. Mstari huo usipokuwepo, wapigaji wengi humwaga hivyo hivyo, kwa mazoea. Ni namna ya kuficha vidole ambavyo havikuwa tayari.

Jaribu hili: weka akodi ya vidole vinne, kisha usiipige. Bana nyuzi zote nne kwa nguvu sawa, uhisi kila uzi unakisukuma kidole chake. Kuna kidole kitahisi hakina kitu, na mara nyingi ni cha 3. Hicho ndicho kinachochelewa. Kikaze mpaka vyote vinne vina mzigo mmoja, ndipo uachie mara moja na kukunja. Akodi mbaya ilikwisha kuwa mbaya kabla haijalia.

Akodi zikifuatana kwa haraka, umbo la mkono litengenezwe hewani, wakati mkono unasafiri. Anayefika kwenye nyuzi na mkono bapa, kisha akaanza kuchagua uzi wa kila kidole, tayari amekosa nusu ya pigo. Na kama kushoto hutangulia kulia kila mara, piga mikono kwa zamu kwanza ili ujue ni upi usiokuwa tayari. Kwa kawaida unaochelewa ni ule ambao macho hayautazami.

Bega linauma, mkono unakaza

Maumivu makali, ganzi, au vidole kuwashwa kama vimekaliwa: acha kupiga siku hiyo na uende kwa mtaalamu wa afya. Hayo hayatatuliwi na mwongozo.

Uchovu wa kawaida ni jambo jingine, na mara nyingi chanzo chake ni kiti. Kinubi cha pedali kina uzito wa kilo 35 hadi 40 hivi, lakini begani kisihisiwe hivyo. Kukiinamisha nyuma kunafika mahali ambapo kinakaribia kusimama chenyewe, na bega la kulia linakipokea tu. Kama unakibeba, kimeinama mno. Kama unakivuta, hakijainama vya kutosha. Kiti kikiwa kifupi, mabega hupanda kufuata nyuzi. Kikiwa kirefu, mgongo hupinda kutafuta nyuzi za chini. Badilisha urefu wa kiti kwa upana wa vidole viwili tu, piga dakika kumi, ujipime tena.

Chanzo cha pili hakisemwi sana: kuchanganya mafunzo mawili ya walimu wakubwa wa kinubi. Carlos Salzedo (1885–1961) alifundisha mikono iliyoinuliwa, viwiko juu, kifundo kisichotegemea ubao. Henriette Renié (1875–1956), na mwanafunzi wake Marcel Grandjany (1891–1975), walitoa njia ambayo kifundo cha mkono wa kulia kinaweza kugusa ukingo wa ubao kwa wepesi. Njia zote mbili zimetoa wapigaji wakubwa. Lakini ukichukua viwiko vya huyu na kifundo cha yule, mkono unashikwa pande mbili na misuli inagombana. Siku hizi, kwa kuwa kila mtu anajifunza kwa video za walimu kumi, naliona hili mara nyingi zaidi. Chagua moja, ukae nayo mwaka.

Halafu pumzi. Wapigaji wengi huacha kupumua kabla ya mahali pagumu. Sikiliza rekodi yako: utasikia pumzi ikitoka baada ya mahali hapo kupita. Andika alama ya kupumua kwenye noti, kwa penseli, kipimo kimoja kabla.

Noti inateleza, pedali inagonga

Kinubi cha pedali cha sasa kinatumia mfumo ambao Sébastien Érard aliupatia hataza mwaka 1810: pedali saba, kila moja na hatua tatu. Juu ni flati (noti nusu toni chini), katikati ni nachurali (noti yenyewe), chini ni shapu (nusu toni juu). Mguu wa kushoto una D, C, B. Wa kulia una E, F, G, A. Pedali ya F ikishuka, nyuzi za F za oktava zote hubadilika kwa pamoja.

Ukisikia noti inateleza kama king'ora, umebadili pedali wakati uzi wake bado unalia. Ama ulitangulia mno na noti ya zamani haijaisha, ama ulichelewa na noti mpya imekwisha kupigwa. Kati ya hizo mbili, kuchelewa ndiko kwa kawaida, maana mguu hungoja mkono uuambie. Andika badiliko la pedali pale mguu unapopaswa kusogea, yaani pigo moja au zaidi kabla ya noti yenyewe. Usiliandike chini ya noti inayolihitaji. Ukiliona pale utakuwa umeshachelewa. Na kama uzi wa zamani hauna budi kuwa unalia bado, uzime kwa kidole kwanza.

Pedali inayogonga ni mguu unaoachia kabla pedali haijaingia kwenye kijino. Ishushe na uisindikize mpaka ikae. Hasa ikipanda: isipozuiliwa, springi itaipeleka juu kwa kishindo. Kisigino kibaki sakafuni, ncha ya mguu ndiyo ifanye kazi.

Na kama umekagua kila pedali ila C au D ya chini kabisa bado ni kosa, kumbuka kwamba kwenye kinubi cha nyuzi 47 nyuzi hizo mbili kwa kawaida hazina diski. Pedali haizigusi. Hutuniwa kwa mkono kabla ya kipande kuanza.

Mwenye kinubi cha leva ana shida tofauti: leva hugeuzwa na mkono wa kushoto, na mkono huo una kazi nyingine. Leva ikichelewa, usiongeze kasi ya mkono, utafutie pumziko. Pengine noti moja ya besi inaweza kupigwa na mkono wa kulia, au kuachwa kabisa, ili kushoto kuwe na pigo moja tupu. Tazama pia umetuni vipi. Kinubi kilichotuniwa E flati, leva zote zikiwa chini, kinakupa funguo za muziki kuanzia flati tatu hadi shapu nne. Aliyetuni C hupata zile za shapu lakini hana flati hata moja, kisha anashangaa kwa nini wimbo una leva ambazo yeye hana.

Hamoniki hailii

Hamoniki huhitaji kugusa katikati kamili ya uzi ili sauti ipande oktava moja. Kushoto hutumia ubavu wa kiganja, kulia hutumia kifundo cha kidole cha 2 kilichokunjwa, na gumba hupiga. Ikilia tupu, kama kugonga mbao, umekaa juu ya uzi muda mrefu mno: mkono uondoke mara tu gumba linapoachia. Ikilia ila si safi, umekosa katikati.

Sasa kuna mtego. Ulipata mahali sahihi jana, leo hapalii, na uzi ni ule ule. Tazama leva au pedali. Uzi ukipandishwa nusu toni, sehemu inayolia imefupishwa kutoka juu, kwa hiyo katikati yake imeshuka. Hamoniki ya F shapu haiko pale ilipo ya F. Katika nyuzi za besi tofauti hiyo inaonekana kwa macho.

Muziki unageuka uji

Nyuzi za besi za waya hulia muda mrefu, na kinubi hakina kitu kinachozima chenyewe kidole kikiondoka. Akodi ikibadilika na besi ya zamani ikabaki, utasikia akodi mbili zikigombana. Laza kiganja cha kushoto bapa juu ya nyuzi za besi, mara moja, bila kupiga kofi. Wakati wake ni pale besi mpya inapolia au kufumba na kufumbua kabla yake. Ukizima mapema mno unaacha shimo. Usizime kila kitu, lakini. Mpigaji aliyejifunza kuzima juzi huzima hadi uhai.

Kasi haipandi zaidi ya hapo

Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, imefika namba fulani na haisogei, ukiongeza kidogo vidole vinaporomoka. Hapa watu husema wanahitaji vidole vyepesi zaidi. Mimi hutazama uwekaji. Anayepiga polepole huwa pia anaweka polepole: noti inalia, mkono unatembea kwa starehe kwenda kwenye kundi linalofuata, unafika kwa wakati. Polepole hiyo haimfundishi kasi kamwe, kwa sababu kwenye kasi starehe hiyo haipo.

Piga polepole, weka haraka. Metronomu iwe kwenye nusu ya kasi yako, lakini kila kundi la vidole liruke hadi mahali pake mara tu nafasi inapopatikana, kisha lingoje hapo, limetulia, mpaka zamu yake. Ukifanya hivyo unasikia muda uliobaki. Ukisikia kuna muda, unaongeza namba. Muda ukiisha kwenye kundi moja tu kati ya ishirini, umelipata kundi linalokukwamisha. Mengine kumi na tisa hayahitaji mazoezi leo.

Kama kinachokwama ni kuruka mbali, huenda si mkono bali macho. Nyuzi za C ni nyekundu na za F ni nyeusi au buluu kwa sababu hii hii. Macho yatangulie kwenye uzi wa kufikia kabla mkono haujaondoka, na ujue uzi huo uko umbali gani na rangi iliyo karibu. Mpigaji anayeutazama mkono unaosafiri hufika pamoja na mkono, hivyo amechelewa.

Nyumbani safi, kwenye kinubi cha wengine vurugu

Nafasi kati ya nyuzi hutofautiana kidogo baina ya vinubi, na mvuto wa nyuzi pia. Kwenye kinubi cha kuazima usianze na kipande chako. Anza na kiti, maana vipimo vyako vya kiti havikuja na wewe. Kisha pitisha kila pedali katika hatua zake tatu ukisikiliza oktava moja moja, au inua kila leva. Halafu skeli mbili polepole, mikono yote, ukikazia macho noti ya nne. Mwisho piga akodi yako kubwa kuliko zote bila kuiachia, uhisi tu vidole vimefika wapi. Kama cha 4 kimefika kwenye uzi wa jirani, piga akodi tatu za namna hiyo bila sauti kabla hujagusa kitu kingine.